Chizi iliyopasuka karaini: kisa cha oda ya vipande 150 Iringa

Jumanne jioni, wiki ya pili ya Juni, wifi yangu wa Iringa alinitumia picha mbili bila hata salamu. Ya kwanza ilikuwa ya karai lenye mafuta yaliyojaa nyuzinyuzi nyeupe, kama vile mtu amevunjia yai kwenye supu. Ya pili ilikuwa sinia la vijiti vya chizi, magamba ya kahawia yaliyobaki matupu ndani kama maganda ya karanga. Chini yake aliandika: "Wifi, oda ni Jumamosi. Vipande 150. Leo nimejaribu 20, vimepasuka 13."

Wifi yangu anaishi Mwangata na kazi yake ni vitafunwa vya sherehe: sambusa, katlesi, kababu, mishikaki. Familia moja ya Kihesa ilikuwa na sendofu, na mama wa bibi harusi alitaka kwenye meza ya wageni kuwe na vijiti vya jibini (ndiyo chizi), vilivyovikwa chenga za mkate na kukaangwa, vile ambavyo ukivimega vinavutika. Wifi alikubali bila wasiwasi kwa sababu alivikaanga miaka kadhaa alipokuwa Dar es Salaam na havikuwahi kumtupa. Sasa maelekezo ni yaleyale, mkono ni uleule, na karai limejaa jibini iliyotoroka.

Mimi niko Mbeya, mtaa wa Forest, na ninaishi kwa kazi hiyohiyo. Nilipompigia, kitu cha kwanza nilimwomba asivitupe vile vilivyopasuka. "Vipange kwenye sahani, nipigie picha kimoja kimoja, kwa karibu." Chakula kikiharibika wengi wetu hukimbilia kugusa maelekezo. Leo unaongeza unga, kesho unabadili mafuta, keshokutwa unalaumu mayai, na hela inakwisha kabla hujajua ulichokuwa unatibu. Kipande kilichopasuka kinaonyesha kilipasukia wapi, na mahali hapo panakuambia kwa nini. Kikipasukia nchani au kwenye kona, gamba halikufunga pale. Kikitoboka ubavuni vitundu vidogo kama vya sindano, huo ni mvuke uliokuwa unatafuta njia. Na kikifunguka mpasuko mrefu upande mmoja, ujue jibini yote iliyeyuka ndani kabla gamba halijakomaa, ikavimba, ikalisukuma.

Zikaja picha 13. Tisa zilionyesha vijiti vilivyopasukia nchani, palepale kidole gumba na cha shahada vinaposhika wakati wa kuchovya. Vinne vilikuwa na vitundu ubavuni. Na karibu vyote, hata vile saba vilivyobaki vizima, vilikuwa na rangi ya kuchanganya: sehemu imeiva hadi kukaribia weusi, sehemu bado ni rangi ya ngano mbichi.

Nikamuuliza maswali mfululizo naye akanijibu bila kuficha, jambo ninaloliheshimu sana kwa mtu ambaye oda iko shingoni. Jibini gani? Mabonge meupe, mabichi, yanayouzwa yakielea kwenye maji yake. Yamekaa friza muda gani? Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, kwenye friza iliyojaa kuku wa oda nyingine. Amechovya mara ngapi? Mara moja: unga, yai, chenga za mkate. Mkate gani? Wa dukani, ameukwaruza siku hiyohiyo. Mafuta? Alizeti, lita moja na nusu, jiko la mkaa, uani. Amejuaje kwamba yamepata moto? Ametupia kipande cha mkate kikawa kahawia upesi. Ametia vijiti vingapi kwa mkupuo? Kumi.

"Lakini wifi," akasema, "mimi nadhani shida ni huku juu. Dar vilikuwa havipasuki."

Suala la mwinuko

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wengi wanaohamia kwetu kutoka pwani, na si ya kupuuza. Iringa mjini iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, na Njombe inakaribia 2,000. Kila ukipanda mita 300, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja. Kwa hiyo sufuria linalochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, Iringa linachemka kwenye 95 hivi. Maharage yetu hayakai jikoni muda mrefu kwa ukaidi wake tu. Yanapikwa kwenye maji yenye joto pungufu.

Kwenye kukaanga, hesabu inabadilika. Mafuta hayachemki. Alizeti kwenye karai ina joto lolote ambalo mkaa umeipa, na nyuzi 180 za Iringa ni zilezile 180 za Kariakoo. Kinachochemka mle ndani ni maji yaliyomo kwenye chakula. Yale mapovu yote unayoyaona ni mvuke. Chakula chenye maji hakiwezi kupanda joto kupita pale maji yake yanapochemka, kwa hiyo paja la kuku huku juu huiva ndani taratibu zaidi kuliko pwani, na usipopunguza moto kidogo utalitoa limeungua nje huku mfupani kuna damu. Kwa kuku, basi, wifi angekuwa sahihi kabisa.

Jibini haina cha kuiva. Jibini ya kuvutika huanza kulegea ikifika nyuzi 55 hivi, na ikipita 65 inatiririka. Kiwango hicho kiko chini mno ya 95 na chini mno ya 100. Iwe Iringa iwe Dar, ikifika hapo itatoka kama kuna mlango. Kijiti cha jibini ndani ya mafuta ni mashindano ya vitu viwili: gamba linakauka na kukaza, jibini inapata joto na kuyeyuka. Gamba likitangulia, umepata kitafunwa. Jibini ikitangulia, umepata karai la nyuzinyuzi. Mashindano yenyewe huchukua chini ya dakika moja na nusu, kwa hiyo kila kitu nilichokuwa nakitafuta ni kile kinachoiba sekunde upande wa gamba, au kinachozizawadia jibini.

Kinachobaki kwenye lawama ya "huku juu" ni baridi na upepo. Juni Iringa alasiri upepo unapita uani kama una haraka ya kufika Ruaha, mkaa unawaka upande mmoja, na karai linapoteza joto kila dakika. Hilo nililiandika kwenye daftari, lakini si la kwanza.

Jina moja, jibini mbili

La kwanza lilikuwa maji. Alipokuwa Dar wifi alikuwa ananunua jibini ya mstatili, ngumu kidogo, imefungwa kwenye nailoni. Safari hii alipata mabonge mabichi. Kote kumeandikwa mozarela, na mtu yeyote angedhani ni kitu kimoja. Sivyo. Kanuni za chakula za Marekani, ambako vijiti hivi ni kitafunwa cha kawaida kabisa, zinazitenganisha kwa kipimo: ile yenye maji kidogo ina asilimia 45 hadi 52 ya maji, na ile ya kawaida inazidi 52 na kufika hadi 60. Kwenye kilo moja, tofauti hiyo inaweza kuwa zaidi ya gramu 100 za maji, yote yakiingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 yakiwa yamefungiwa ndani ya gamba jembamba. Vile vitundu vya sindano ubavuni vilitoka hapo.

Niseme wazi kwamba hiyo jibini mbichi haina kosa. Ni tamu, na kwenye saladi ya nyanya au juu ya piza naichagua kabla ya ile ya mstatili. Sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati ya maziwa: wafugaji wa Rungwe, ng'ombe wa shamba la Kitulo kule Makete, kiwanda cha Njombe kilichojulikana kwa jibini za mtindo wa Kiitaliano. Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, kwa hiyo jibini si mgeni wa jana kwetu. Ila kila jibini ina kazi yake, na hii ilihitaji kukamuliwa kwanza ndipo iingie karaini.

Jumatano usiku nilimtumia wifi maelekezo: aache mabonge machache ya kulinganishia, mengine yote ayakate kuwa mapande ya unene wa sentimita moja na nusu, ayalaze kati ya vitambaa viwili vya pamba vikavu, juu aweke ubao wa kukatia na juu ya ubao mfuko wa unga wa kilo tano. Alhamisi asubuhi nikapanda basi. Nilipofika stendi ya Iringa jioni alikuwa ananisubiri na bajaji, na salamu zilikuwa fupi.

Mama mkwe alikuwa sebuleni kwa binti yake. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, kisha akaongeza salamu yake ya "Kamwene" ambayo huwa haniachi bila hiyo. Alikuwa na habari zote. "Nyie mnahangaika na maziwa yaliyoganda," akasema, "na mimi nina maziwa mabichi yanalala kila siku." Sentensi hiyo ilikuja kutuokoa siku iliyofuata, ingawa usiku ule hatukuizingatia.

Tukaenda moja kwa moja kwenye mizani. Wifi alikuwa ametenga kilo moja pembeni aipime peke yake, kama nilivyomwomba. Baada ya saa tatu chini ya ule mzigo, na vitambaa kubadilishwa mara moja katikati, ilibaki gramu 890. Gramu 110 za maji zilikuwa kwenye vitambaa. Kushika kwake tu kulionyesha: jana ilikuwa inateleza mkononi, leo inakubali kukatwa kijiti chenye kona nne zilizonyooka.

Friza, gamba na sukari ya mkate

Tuliamua kupima badala ya kubishana. Vijiti 20, makundi manne ya vitano. Kundi la kwanza kama alivyofanya Jumanne: jibini isiyokamuliwa, kuchovya mara moja, saa tatu za friza. La pili, iliyokamuliwa, mengine vilevile. La tatu, isiyokamuliwa, lakini ilale friza usiku kucha. La nne, iliyokamuliwa, kuchovya mara mbili, usiku kucha. Kuku tuliwahamishia kwa jirani ili friza ipumue.

Friza ni jambo ambalo watu huliona kama la hiari, nami natamani ningeweza kumshika kila mkaangaji mkono nimweleze. Kuganda hakumaanishi tu kwamba jibini inaanza ikiwa baridi. Barafu hula joto jingi ajabu kabla haijawa maji, na wakati inakula haipandi hata nyuzi moja. Joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuchukua kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kwa hiyo yale maji yaliyomo kwenye jibini, ambayo ni adui yakiwa majimaji, yakiganda yanakuwa mlinzi: mafuta yanahangaika kuyayeyusha huku gamba linapata muda wake. Lakini lazima yagande hadi katikati. Wifi alikuwa na kijiti kimoja cha Jumanne kilichosalia bila kukaangwa, na alipokipasua siku ile baada ya zile saa tatu, katikati kisu kilipita kama kwenye siagi. Friza iliyojaa kuku ilikuwa imegandisha ngozi tu.

Kuchovya mara mbili ni jibu la zile ncha tisa. Tulifanya hivi: unga wa ngano uliochanganywa na konifulawa kidogo, kukung'uta, yai lililopigwa na kijiko cha maziwa, chenga, kisha tena yai, tena chenga. Siri iko kwenye vidole. Mara ya kwanza unashika ncha, kwa hiyo ncha zinapata gamba bovu. Mara ya pili unashika katikati, na unazibonyeza ncha zote mbili kwenye chenga kwa makusudi. Mkono mmoja wa kavu, mkono mwingine wa yai, la sivyo baada ya vijiti kumi una vidole vilivyovaa gamba kuliko vijiti vyenyewe.

Ijumaa asubuhi tuliwasha jiko ndani ya banda, mbali na upepo, na nikatoa kipimajoto changu cha jikoni. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria nilipokuwa Mbeya. Wifi alitupia kipande cha mkate kama alivyozoea. Kikawa kahawia ndani ya nusu dakika, akasema, "Umeona? Tayari." Kipimajoto kilisema 155.

Mkate wetu wa dukani una sukari, na sukari huwahi kushika rangi. Kile kipimo cha kutupia mkate ni kizuri kwa mkate wa chumvi, ila kwa huu wetu mtamu kinadanganya, na chenga zilizotokana na mkate huohuo zinadanganya vilevile: gamba linaonekana limeiva kwa nje kabla halijakauka. Ukichanganya na mkate uliokwaruzwa siku hiyohiyo, ukiwa bado na unyevu wake, unapata zile rangi mbilimbili za kwenye picha. Nilikuwa nimekuja na chenga nilizozianika juani Mbeya siku mbili kutoka kwenye mkate usio mtamu, zimekauka hadi zinalia ukizishika. Kwa oda hii tulitumia hizo.

Tukatia vijiti kumi vya Jumanne kwa njia ya mawazo tu, yaani vipande kumi vya viazi vilivyogandishwa vya uzito uleule, kwenye yale mafuta ya 155. Kipimajoto kikashuka taratibu hadi karibu 125. Katika joto hilo gamba halikauki, linakunywa mafuta. Tukaacha mafuta yapande hadi 180, tukatia vitano: yakashuka hadi 165 na kurudi baada ya nusu dakika hivi. Tano, basi, ndiyo ikawa idadi ya karai lile.

Kisha makundi manne, yote kwenye 180, vitano vitano, sekunde 80. Kundi la kwanza, vitatu vilipasuka. La pili, viwili. La tatu, kimoja. La nne, hakuna. Vitano ni vichache kuweza kutunga sheria, na ningependa sana kungekuwa na kundi la tano la kuchovya mara mbili peke yake, lakini tulikuwa na jibini ya kuhesabu. Kwa uamuzi wa siku ile yalitosha. Hata mafuta yakiwa sahihi, kundi la kwanza lilizidi kupasuka; kwa hiyo kosa halikuwa moto pekee. Yalikuwa makosa manne madogo, maji, friza, gamba na moto, ambayo kila moja liliiba sekunde chache, na Jumanne yote yalikutana kwenye karai moja.

Hesabu iliyopungua

Tulipomaliza kushangilia tukapiga hesabu ya jibini. Alikuwa amenunua kilo tatu na nusu. Toa vya Jumanne, toa vya majaribio, toa maji yaliyobaki kwenye vitambaa. Kijiti kimoja ni gramu 20 za jibini. Zilizobaki zilitosha vijiti 120 kwa matumaini, 110 kwa usalama. Na yale mabonge mjini yalikuwa yamekwisha.

Hapo nikakumbuka maziwa ya Mama. Kuna jibini isiyoyeyuka kabisa, unaweza kuikaanga hata ukiwa huna friza, na inatengenezwa kwa maziwa na malimau. Wahindi huiita paniri. Jibini ya kuvutika hugandishwa kwa kimeng'enya (enzaimu), na protini zake hushikana kwa madaraja ya kalisi (kalsiamu) ambayo yakipata joto hulegea na kuteleza, ndiyo maana inavutika. Hii ya limau ni tofauti: asidi inaiondoa kalisi, protini zinagandamana zenyewe kwa zenyewe, na zikishagandamana hivyo joto linazikaza zaidi. Haitoroki kwa sababu haiwezi kutiririka.

Tuliteleka lita sita, tukakoroga hadi maziwa yalipoanza kupanda, tukaepua, tukangoja dakika tatu, ndipo tukatia maji ya limau taratibu, vijiko vikubwa viwili na nusu kwa lita, hadi maji yakatengana na kuwa ya kijani-manjano, angavu. Tukachuja kwa kitambaa, tukasuuza limau litoke, tukatia chumvi na pilipili manga iliyosagwa kwa ukarimu maana yenyewe imepooza, tukafunga, tukakandamiza kwa ule mfuko wa unga saa mbili. Tulipata gramu 900. Mama mkwe alionja kipande kilichokaangwa, akakaa kimya akitafuna, kisha akaomba kingine na kusema hicho chenye kuvutika waachiwe vijana.

Kabla ya kukata hata kimoja, wifi alimpigia mama wa bibi harusi akamweleza kwamba vijiti 110 vitakuwa vya kuvutika na 40 vya jibini ya limau, sahani mbalimbali, na bei ya hivyo 40 itapungua. Mama yule alikubali. Kwangu hiyo simu ilikuwa na uzito sawa na kipimajoto. Mteja akimega kijiti na kisivutike, hakuna maelezo ya kalisi yatakayomsaidia mpishi.

Jumamosi

Lilibaki swali la usafiri, na hapa wifi alikuwa na mazoea ya kitafunwa kingine. Sambusa unazikaanga nyumbani, unazitia hotipoti, zinafika za moto. Ijumaa ileile tulikuwa tumetia vijiti vitano kwenye hotipoti kwa dakika 20 kuona. Vilitoka vya moto, ndiyo, lakini gamba lilikuwa limelowa kwa mvuke wake lenyewe, laini kama mkate uliochovywa chai. Na tukiviacha wazi, baada ya nusu saa jibini inakaza na haivutiki tena. Hakukuwa na njia ya katikati: lazima vikaangwe palepale ukumbini.

Kwa hiyo Jumamosi saa tisa tulipakia bajaji mbili. Jiko, mkaa, karai, mabati mawili ya kukinga upepo, na vijiti vilivyoganda usiku kucha, vimepangwa kwa tabaka na karatasi kati yake ndani ya kontena la kuwekea soda, barafu juu na chini, vimefunikwa vizuri kwenye nailoni ili barafu isivilowanishe. Kabla ya kila kijiti kuingia kwenye mafuta tulikipangusa theluji ya nje kwa brashi kavu ya keki. Ile theluji ndiyo inayorusha mafuta usoni. Tulisimika jiko nyuma ya ukumbi, Kihesa, mabati upande wa upepo, mimi nashika kipimajoto na wifi anashika upawa wa matundu. Vitano, sekunde 80, vinatolewa juu ya waya siyo juu ya karatasi ili chini visilowe, dakika moja vipumue joto la nje limalizie kuingia katikati, ndipo sahani inaondoka. Vya limau tuliviacha dakika mbili, havikuhitaji haraka ya mtu.

Ilikwenda hivyo hadi sahani ya kumi na tisa. Kisha MC akasimamisha huduma kwa ajili ya nasaha za wazee, nasi tulikuwa tumekwishatoa vijiti kumi na vitano vya mwisho kwenye kontena na kuvipanga mezani. Nasaha zikachukua dakika 25. Hatukuvirudisha kwenye barafu. Tulidhani ni suala la dakika tano, na baridi ya Iringa ilitudanganya kwamba inatosha.

Katika hivyo 15, vilipasuka sita. Katika 95 vilivyotangulia hakikupasuka hata kimoja. Wifi akaviopoa vile sita na kuviweka pembeni kwenye kifuniko cha sufuria, nami nikawasha tochi ya simu tukainama wote wawili kuviangalia. Kimoja baada ya kingine, vyote vilikuwa vimefunguka mpasuko mrefu ubavuni. Ncha zote kumi na mbili zilikuwa zimefunga.